Unga wa Bibi Katika Sufuria Moja

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua. Asubuhi ningewasilisha maombi ya kusajili kikundi alichoanzisha marehemu bibi yangu, cha wanawake wanaowapikia uji wagonjwa wasio na ndugu hospitalini. Nilikuwa nimechagua udhamini: uamuzi wote kwa wadhamini watatu, wote wa familia yetu, na jina la Bibi juu yake. Wenzake walitaka chama, kila mwanachama na kura yake. "Chama kitavunjika kwa ugomvi," niliwaambia. Wakaniachia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma sheria.

Siamini ndoto. Ubongo huchezea mabaki ya mchana, basi.

Lakini nilimwona Bibi nyuma ya wodi, amejifunga kanga yake ya kupikia, akikoroga sufuria kubwa. Moto unawaka bila moshi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu," akanitania kama zamani. "Naona umeniandikia jina."

"Ili usisahaulike."

Akaendelea kukoroga. Wanawake wanakuja mmoja mmoja na konzi zao za unga, kama wanavyofanya kila alfajiri. Wanamimina, wanapita. Wa mwisho ni Mama Zuhura, aliyemlisha Bibi kijiko kwa kijiko siku zake za mwisho, mimi nikiwa chuoni. Bibi naye anamimina konzi yake, kisha ananikabidhi mwiko.

"Nitolee unga wangu."

Nakoroga. Uji ni mweupe, ni mmoja. Sasa tuko ndani ya wodi, sufuria iko mapajani mwangu, Bibi kalala kitandani, midomo imemkauka. Bado natafuta.

"Siuoni, Bibi."

"Basi wape wanywe," anasema, na kugeukia ukutani.

Niliamka mto umelowa. Bado nasema ni ubongo tu. Ila kabla hakujapambazuka nilikwenda nyuma ya wodi, nikamkuta Mama Zuhura akiwasha moto.

"Tutasajili chama," nilimwambia. "Katiba tutaiandika pamoja."

"Na jina la bibi yako?"

Niligeukia sufuria ya maji motoni. Alinitazama kidogo, akanisogezea mfuko wa unga. Maji yalikuwa bado baridi. Nikachota konzi moja, nikamimina, nikabaki nikiutazama unavyozama.