Eda Chini ya Bati

Sisi watoto tulijiona tuna akili sana. Tuliwatoa wazazi wetu shambani Pangani, kwenye nyumba ya udongo na makuti, tukawaleta Mabawa, hapa Tanga mjini, tulikowanunulia nyumba. Uani palikuwa na mti wa mkungu. Tukaukata, eti majani yake yanachafua, tukamwaga zege ukuta kwa ukuta. Juu tukapiga bati jipya. Majirani walitusifu, maana nyumba zote za mtaa ule ndivyo zilivyo: bati, zege, na mti hata wa dawa huuoni.

Baba hakumaliza msimu mmoja wa joto la kaskazi humo, akafariki. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ile ile alimofiwa.

Nikahamia kwake. Mimi nakaa Chumbageni, kwetu miti bado ipo, na nilizoea kuwatembelea asubuhi, nanywa chai naondoka. Loo! Kumbe nilikuwa sijui kitu. Bati linachomwa kutwa, zege linanywa jua kutwa, halafu magharibi jua likishazama ndipo vinaanza kulitapika. Ukiugusa ukuta, una moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Feni inazungusha joto lile lile. Mama alivimba miguu, akaacha kula, akawa anapepesuka akienda kutia udhu. Dada yangu aliyebaki Pangani akipiga simu jioni, nausikia upepo unavuma kwenye simu yake. "Huku nimejitanda khanga mbili," anasema. Nikawa namkasirikia bure.

Nilikwenda kwa shehe. Akasema kama afya yake imo hatarini, ana ruhusa ya kuhama. Nikarudi mbio na habari hiyo. Mama akatikisa kichwa.

"Nitakaa aliponiacha mume wangu."

"Mama, utakufa humu!"

"Siku yangu ikifika, hata Pangani nitakufa."

Nilichukua ndoo nikamwagia maji zege la uani. Yalikauka kabla sijaijaza ndoo ya pili. Nikamwaga tena, na tena, huku nalia. Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema, lakini wallahi nililia.

Mama alikuwa amekaa kizingitini ananitazama.

"Acha, mwanangu. Utaumia mgongo."

"Mama, joto hili lilikuwapo na baba yu hai. Mbona hamkutuambia?"

Aliziangalia nyayo zake zilizovimba.

"Baba yako alitaka kuwaambia. Kila jioni alinisihi turudi Pangani, joto linamuua. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, watoto wamejinyima, tusiwavunje moyo."