Siku Onozuka Alipoketi Kiti cha Abiria

Mzee Onozuka Tokuji hakuwa mtu wa kutulia. Hata akila, mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea mlangoni. Maisha yake yote ya kazi aliendesha basi la kuwapandisha watelezaji wa theluji kutoka stesheni ya treni ya kasi hadi hoteli za Yukinosawa, na kazi hiyo ilimfundisha ujanja mmoja: mtu aliye njiani haulizwi maswali. Basi yeye akawa yuko njiani siku zote.

Asubuhi hiyo mkewe, Kinue, alingoja amalize kuvaa soksi ndipo akamwambia.

"Baba Chinatsu, binti yako anakuja leo. Treni ya saa sita."

"Anakuja wapi?"

"Si kwetu. Anakwenda hotelini huko juu, yeye na mtoto. Kampuni ya mumewe imewalipia mapumziko. Alinipigia jana."

"Jana! Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia jana, ungelala?"

Onozuka akasimama, akakaa, akasimama tena. "Atapanda na nini?"

"Muulize mwenyewe, kama mnazungumza."

Hawakuwa wakizungumza. Miaka sita nyuma Chinatsu aliolewa Fukuoka, kusini kabisa, mwezi wa Januari. Siku ya kuamkia safari, dhoruba ya theluji ilimwaga abiria stesheni kama magunia. Ofisi ilimwambia Onozuka aende zake arusini, dereva wa akiba yupo. Akakataa, eti hawezi kuwaacha watu kwenye baridi. Maneno mazuri hayo, na uongo mtupu. Aliogopa ukumbi, aliogopa hotuba, aliogopa kulia mbele ya wakwe. Bibi arusi akaingia ukumbini na mama yake. Baadaye akampigia simu: "Baba, umewapandisha mabinti wa watu wote. Wako umemwacha stendi." Tangu hapo, kimya.

Jikoni kulikuwa na sufuria mbili. Moja ilikuwa na supu ya kawaida, ya Onozuka. Nyingine ilikuwa na supu ya samaki na figili iliyokorogewa machicha ya pombe ya mchele, mapya, yaliyotoka kwa mtengeneza pombe jirani yao. Upande ule, baridi ikishika, hakuna nyumba isiyopika supu hiyo. Na hakuna dereva asiyejua kwamba siku ya kazi haiguswi. Onozuka alichota bakuli, akachota la pili, akili iko stesheni. Asipande teksi, alikuwa akiomba. Asipande gari la hoteli. Apande langu. Mlango ni mmoja, atapita mbele yangu, hata kama hataki atanisalimu.

Ofisini, kabla ya kupewa funguo, kila dereva hupuliza kipima ulevi mbele ya msimamizi wa zamu. Siku hiyo alikuwa Igarashi, kijana mpole mwenye tumbo. Onozuka akapuliza. Kifaa kikalia.

"Mzee, umekunywa?"

"Mimi? Tangu mwaka mpya sijaonja hata tone!"

"Umekula nini?"

"Supu."

"Supu gani, mzee wangu?"

Onozuka akatazama viatu vyake. "Ya machicha."

Igarashi alicheka mpaka akashika meza, kisha akakumbuka cheo chake. "Mzee Onozuka, we! Hata mwanafunzi wa udereva analijua hilo!"

"Acha nisukutue, nipulize tena."

"Hapa kwetu kikilia mara moja, zamu imekwisha."

"Ndugu yangu, safari moja tu. Ya saa sita. Halafu nifukuze."

"Hata kulitoa basi gereji sikuruhusu. Sekiguchi ataendesha. Wewe vaa fulana ya njano ukawaelekeze wageni uwanjani."

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Onozuka akaishia uwanja wa stesheni na kibendera mkononi, huku theluji ikimdondokea kofiani, akizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Aliusogeza mlundo wa mbao za kutelezea kutoka kushoto kwenda kulia, akaurudisha. Alimwambia Sekiguchi akaze minyororo ya matairi, Sekiguchi akamwambia ameshaikaza, yeye akainama kuikagua.

Alipoinuka akaliona gari dogo la hoteli. Dereva wake alisimama kando na kibao kilichoandikwa "Nagafuchi". Onozuka alilisoma jina hilo kama la mgeni yeyote, kisha likamchoma. Lilikuwa jina la mwanawe tangu aolewe. Ameagiza gari la hoteli. Basi hata kama angekuwa kwenye usukani, asingemwona.

Treni ikafika. Watu wakamwagika, na katikati yao Chinatsu, amenenepa kidogo mashavuni, amemshika mkono binti wa miaka minne. Mtoto alikuwa ameinua uso juu, ulimi nje, anadaka theluji. Chinatsu akasimama hatua chache kutoka kwa baba yake. Akaitazama fulana ya njano.

Onozuka alikuwa na maneno ya miaka sita kifuani. Yaliyotoka ni haya:

"Karibuni Yukinosawa. Basi la moja kwa moja ni lile pale, linaondoka sasa hivi. Basi la vijijini ni nafuu lakini linazunguka sana. Teksi ziko upande wa kulia, bei yake kali. Gari la hoteli kwa walioagiza..." Akainua kibendera. "Kwa walioagiza, liko hapa."

"Na wewe unapanda na lipi?" Chinatsu aliuliza.

"Mimi leo siendeshi."

"Unaumwa?"

"Nimekula supu ya mama yako. Ile."

Chinatsu alibana midomo, ikamshinda, akacheka. Kicheko kilipoisha macho yalikuwa yamelowa, akayafuta kwa hasira. Akamwinamia dereva wa hoteli, akamwomba radhi, akamkabidhi sanduku alitangulize. Kisha akampandisha mtoto kwenye basi.

"Panda basi," alimwambia baba yake. "Au utatuacha tena?"

Alipanda na fulana yake ya njano. Chinatsu akakaa dirishani, mtoto mapajani, Onozuka pembeni. Kila kona mguu wake ulikandamiza sakafu kutafuta breki.

"Unajua kwa nini niliagiza gari la hoteli?" Chinatsu alisema, macho nje. "Utoto wangu wote nimetazama mgongo wako. Shuleni, sokoni, kote. Dereva haongeleshwi gari likitembea, ndivyo ulivyoniambia. Sikutaka kuja kutoka Fukuoka kutazama mgongo."

Sekiguchi alipunguza mwendo kupisha gari la kusukuma theluji. Hakukuwa na pa kwenda. Onozuka alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Dereva wa akiba alikuwepo," akasema.

"Najua. Mama aliniambia."

"Si dhoruba iliyonizuia. Niliogopa kulia mbele za watu. Nikakuacha peke yako kwa ajili ya aibu yangu. Nisamehe, mwanangu."

Alikuwa analia sasa, mbele ya basi zima, na watelezaji walijitia kutazama theluji. Mtoto alimkagua usoni bila haya, kisha akamshika kidole.

Mbele ya hoteli abiria wote wakashuka. Onozuka hakuinuka, maana Chinatsu hakuinuka. Sekiguchi aligeuka.

"Mzee, mmefika. Mimi nageuza, narudi chini stesheni."

Onozuka akamtazama binti yake. Chinatsu alikuwa anamfunga mtoto skafu upya.

"Mama yuko nyumbani?" akauliza.

"Yupo."

"Kaka, geuza," Chinatsu alimwambia Sekiguchi. "Tunashuka na wewe."