Koti la Mfuko wa Kulia

Koti la baba lilikuwa limepauka mabegani, kwa hivyo mama alilipeleka kwa anti yangu, fundi wa nguo kule Kawangware, anigeuzie. Kugeuza koti ni kulifumua lote, upande wa ndani ambao haujapauka uje nje, kisha kulishona upya. Nililingoja kwa hamu. Nilipolivaa nyumbani Kibera, nikakuta mfuko wa kifuani umehamia kulia, na vifungo vinafungwa kama vya blauzi.

Nilinuna. Koti lililogeuzwa halijifichi. Mfuko ule hutangaza shida zenu mtaa mzima. Mama akaniambia, "Vaa hiyo, ama ukae na baridi yako." Nikaenda kanisani nimekasirika, mkono juu ya mfuko kama mtu anayeumwa na kifua.

Tulipotoka, kijana mmoja wa Nyayo Highrise, mtaa jirani wa wenye pesa, alinisimamisha, akautoa ule mkono.

"Manze, hiyo koti imeiva! Nani alikuwekea mfuko hapo?"

"Anti yangu," nikasema, na kifua kikapona.

Wiki hiyo hiyo alimpelekea anti kitambaa kipya kabisa, akamsihi mfuko ukae kulia. Anti alicheka mpaka akashindwa kukanyaga cherehani.

Siku hizi nanunua makoti ambayo mfuko uko kushoto, kama ya watu wote. Nikitaka kalamu, bado napapasa kulia kwanza. Kalamu siipati, lakini anti nampata.