Siku Timu Nzima Ilipotimiza Miaka Kumi na Saba

Weka kidole kwenye tarehe moja Januari, kwenye kalenda ya mwaka wowote, utaona jinsi dunia ilivyosongamana hapo. Haiti ilijitangazia uhuru siku hiyo mwaka 1804. Sudan ilipata uhuru wake siku hiyo hiyo mwaka 1956, Kameruni ikafuata 1960. Jack Wilshere, yule kiungo wa Arsenal, alizaliwa tarehe moja Januari 1992. Nilikuwa nimeyakusanya haya kwa ajili ya ubao wa shule yetu hapa Kakuma, ambapo kila Jumatatu tunabandika mambo yaliyotokea siku kama hiyo. Lakini jambo la ajabu kuliko yote kuhusu tarehe hiyo halikuwa kwenye kitabu. Lilikuwa limeketi dawati la nyuma yangu, likitafuna kalamu.

Jina lake Wal. Siku nilipomwuliza alizaliwa lini, alijibu bila kuinua kichwa, "Tarehe moja, mwezi wa kwanza."

"Kama Wilshere!"

"Kama Atem pia. Na kaka yake Atem. Na majirani wote wa nyuma yetu. Nekesa, huku kambini sisi ni mapacha tu, mama ndio tofauti."

Nilidhani ananichezea. Hakuwa ananichezea. Wal aliletwa Kakuma mgongoni mwa shangazi yake, Nyagoa, kutoka upande wa Nasir, Sudan Kusini, akiwa bado hajaota meno. Kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi, karani aliuliza mtoto amezaliwa lini. Nyagoa akasema amezaliwa mtama ukikatwa, mwaka ule ng'ombe wao walipochukuliwa. Karani akauliza tarehe. Nyagoa akarudia habari ya mtama. Foleni ilikuwa ndefu, jua la huku mnalijua, karani akaandika 1/1/1996 akaita anayefuata. Kwa hesabu ya Nyagoa mtama ule ulikatwa mwishoni mwa mwaka huo, wala si mwanzoni. Lakini nani angerudi kwenye foleni kwa sababu ya miezi?

Basi ikawa desturi. Kila tarehe moja Januari vijana wa mtaa wa kina Wal huimbiana na kumwagiana maji, kama tunavyomfanyia mwenye siku ya kuzaliwa shuleni. Tofauti ni kwamba kwao kila mmoja ndiye mwenye siku, kwa hiyo hakuna anayebaki mkavu.

Wal ni mrefu, mkimya, na ana mikono ya ajabu. Jumamosi alikuwa akipakua mzigo kwenye duka la Msomali mmoja karibu na soko. Anayekaa juu ya lori anarusha katoni za sabuni, wa chini anadaka, na ukiangusha unalipa. Wal hakuangusha. Kocha Deng, anayefundisha timu ya vijana ya kambi, alipita siku moja, akasimama, akatazama katoni kama ishirini hivi zikidakwa, kisha akasema, "Wewe, acha sabuni. Kuja langoni."

Ndivyo tulivyofika Lodwar mwisho wa Desemba 2012. Yalikuwa mashindano ya vijana yaliyoandaliwa na makanisa, na baba yangu, ambaye ana duka la vyakula Kakuma mjini, alijitolea lori lake kuwabeba wachezaji. Nami nikapanda mbele. Nusu fainali ilichezwa Jumatatu, tarehe thelathini na moja. Wal alidaka kila kitu, Kakuma wakashinda. Jioni hiyo mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni kule Kitale alimwita Deng kando. Anatafuta kipa, alisema. Shule italipa karo yote. Lakini yeye hachukui mtu kwa mechi moja, anataka kumwona Wal tena kwenye fainali kesho, dhidi ya Lodwar, halafu basi lake linaondoka saa kumi na mbili jioni.

Wal aliposikia alikwenda kufua glavu zake, zile za mafundi wa ujenzi, akazianika kwenye dirisha la ukumbi wa kanisa tulimolala, akakaa akizitazama kama mtu anayechunga mbuzi.

Asubuhi ikafika. Tarehe moja Januari, 2013.

Hakuna aliyefikiria chochote. Tulifika uwanjani mapema, upepo ukipeperusha vumbi kutoka upande wa mto Turkwel, watu wa Lodwar wakiwa tayari wamejipanga pembeni na miavuli. Wachezaji wa Kakuma walikuwa wakipasha misuli moto. Ghafla Atem, winga wao, akachukua mtungi wa maji na kummwagia Wal kichwani.

"Bathdei yako, mzee!"

Wal akamnyang'anya mtungi akamlipa. Mara wote wakaingia, wakimwagiana na kuimba, wakiteleza kwenye matope. Mama mmoja wa Kiturkana alisimama akafoka, "Ninyi! Maji hiyo ni ya kunywa ama ya kuchezea? Muko na wazimu?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Kocha wa Lodwar hakucheka. Anaitwa Odongo, mfanyakazi wa serikali aliyehamishiwa Lodwar kutoka Homa Bay, mtu wa kola iliyonyooshwa hata uwanjani. Alimwendea Atem polepole, akitabasamu.

"Kijana, leo ni siku ya nani?"

"Ya sisi wote, sir!"

"Wote? Na mnafikisha ngapi?"

"Kumi na saba!" Atem alisema kwa fahari, maji yakimchuruzika puani.

Odongo akageuka akaenda moja kwa moja kwenye meza ya waandalizi. Nilimwona Deng akimfuata kwa macho, na nikaona tabasamu likimtoka usoni taratibu.

Sheria ya mashindano ilikuwa fupi: mchezaji awe hajafikisha miaka kumi na saba siku ya mechi. Karatasi za umri zilikaguliwa Desemba, na Desemba hakuna aliyekuwa amefikisha kumi na saba. Jana walikuwa watoto halali. Leo, kwa mujibu wa karatasi, tisa kati ya wachezaji kumi na watano wa Kakuma walikuwa wamevuka. Waliobaki sita waliandikwa 1997, na kwa watu sita huwezi kuingia uwanjani.

Mwenyekiti wa mashindano alikuwa Madam Sally, mwalimu wa Sunday school, mwanamke mpole ambaye siku hiyo nilimhurumia. Alikuwa na karatasi mkononi, na kila aliyemkaribia alipiga kelele.

"Madam, hizo tarehe si za kweli!" Deng alisema. "Hakuna mtoto hata mmoja hapa aliyezaliwa leo. Ni makarani walijaza!"

"Sawa," Odongo akasema, bado kwa sauti ya chini. "Kama tarehe ni za kweli, wamezidi umri. Kama si za kweli, basi mmeleta karatasi za uongo. Chagua moja, mwalimu."

Sikuwa nimewahi kuona maneno yakimfungia mtu pande zote namna ile.

"Tuahirishe basi," mtu mmoja akapendekeza.

"Siku gani?" Deng akauliza. "Kibali cha hawa vijana kutoka kambini kinaisha kesho. Wakionekana Lodwar kesho kutwa, ni polisi."

Nilitazama upande wa mwalimu wa Kitale. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, akiangalia saa.

Madam Sally akamwita Wal, kwa kuwa ndiye nahodha. Wal akaja, fulana imemgandia mwilini, maji yakidondoka kwenye meza. Deng alimsogelea na kumnong'oneza. Nilikuwa karibu, nikasikia: "Sema Novemba. Sema tarehe yoyote ya Novemba, tutatafuta mtu wa kuapa. Fikiria Kitale."

"Wal," Madam Sally akasema, "niambie mwenyewe. Ulizaliwa lini?"

Watu wakasogea karibu, hata yule mama wa maji. Wal aliangalia glavu zake. Moyoni nilikuwa nikimwambia, sema, sema tu, nani atajua?

"Naweza kupigia shangazi?" akauliza.

Simu ikawekwa sauti ya juu. Nyagoa alipokea akiwa sokoni, tukasikia kuku.

"Shangazi, nilizaliwa siku gani?"

"Siku mtama unakatwa. Si nimekwambia?"

"Wanataka tarehe."

"Tarehe!" Nyagoa akafoka. "Mimi nilikuwa nakimbia bunduki na wewe mgongoni, kalenda ningebeba na mkono gani? Nani huyo anauliza? Nipe yeye nimuulize mama yake alimzaa saa ngapi!"

Watu wakaangua kicheko, Odongo naye akajikuta anatabasamu. Lakini kicheko hakikubadilisha karatasi. Simu ikakatwa, na Madam Sally bado alikuwa akimtazama Wal.

"Sijui, Madam," Wal akasema. "Najua tu si leo."

Deng akashika kichwa.

Madam Sally akasema kwamba yeye hawezi kwenda kinyume cha kilichoandikwa. Waliofikisha kumi na saba leo hawatacheza. Kakuma wakishindwa kuingiza timu, kombe ni la Lodwar.

Mashabiki wa Lodwar walipiga vigelegele, lakini vigelegele vyenyewe vilikuwa vichache na vikafa haraka. Wal alivua glavu, ya kushoto kwanza, akazikunja pamoja kama soksi. Mwalimu wa Kitale akasimama, akafunga zipu ya mkoba wake. Nilitaka kumkimbilia, nimwambie nini sijui.

Hapo ndipo Ekuru alipokuja mezani. Ekuru ni nahodha wa Lodwar, mfungaji wao, kijana mfupi wa Kiturkana mwenye miguu ya duara. Tangu kelele zianze alikuwa ameketi juu ya mpira peke yake.

"Madam, ejok," akasalimia, kama vile ndiyo kwanza anafika. "Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Angalia karatasi yangu."

"Ekuru, kaa chini!" Odongo akasema.

"Kocha, acha aangalie."

Madam Sally akapekua. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akamgeuzia Odongo karatasi. Tarehe moja Januari, 1996.

"Mama yangu alitoka Kaikor na mbuzi," Ekuru akaeleza, akiongea na watu wote sasa. "Nilizaliwa njiani, mvua ikinyesha. Nilipotaka kufanya mtihani wa darasa la nane, chifu akaniambia lazima niwe na tarehe. Akanipima kwa macho hivi, kama mtu ananunua beberu. Akaandika hiyo. Lokwang wetu huyu pia aliandikiwa hiyo hiyo. Na yule beki. Na kipa wetu. Wote tulienda siku moja."

Odongo alichukua zile karatasi akaanza kuzipitia, moja, nyingine, nyingine, na kola yake ikaanza kulowa. "Mimi niliangalia mwaka," akasema. "Mwaka tu ndio niliangalia." Nilimwamini. Kwao Homa Bay labda mtoto ana siku yake, na mtu haoni haja ya kuitafuta.

"Umetuua, Ekuru," mmoja wa wachezaji wa Lodwar akasema kwa uchungu. "Kombe lilikuwa limeshaingia ndani!"

"Kombe la kupewa mezani nitalipeleka wapi? Nikifika Kaikor wataniuliza nilifunga ngapi. Niseme nilimfunga karani?"

Madam Sally alitazama timu moja, akatazama nyingine. Sasa kwa sheria ile hakukuwa na fainali, wala bingwa, wala chochote. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisimama wima.

"Umri utahesabiwa kwa siku mashindano yalipoanza," akatangaza. "Desemba. Nyote mlikuwa watoto Desemba, na kwangu mimi bado ni watoto. Bwana Odongo, una la kusema?"

Odongo alikunja karatasi. "Refa apulize kipenga," akasema.

Wal alikuwa bado ameshika zile glavu zilizokunjwa. Nilikimbia, kweli nilikimbia, hadi kwa mwalimu wa Kitale ambaye alikuwa ameshafika kwenye miti ya mikoma karibu na barabara. "Wanacheza, mwalimu! Wanacheza!" Akaangalia saa yake. Akarudi, lakini hakuketi tena.

Sitawasimulia mechi yote. Upepo ulikuwa mkali, mpira ulikuwa ukienda unakotaka, na hadi kipindi cha pili kilipokaribia kwisha hakuna aliyefunga. Kisha beki wa Kakuma akamwangusha Ekuru ndani ya boksi. Penalti.

Ekuru mwenyewe akauweka mpira. Yeye na Wal walitazamana, na mimi nikaziba macho kwa vidole, nikiacha nafasi ya kuona. Ekuru alipiga chini, kushoto. Wal alianguka kwa bega, jinsi walivyojifunza kuanguka kwenye changarawe za laga, ule mto mkavu wa kambini, akaupangua. Uwanja ukalipuka. Lakini mpira ulimrudia Ekuru miguuni, na mara ya pili hakukosea.

Lodwar moja, Kakuma bila. Hivyo ndivyo ilivyokwisha.

Wal alikaa chini kati ya milingoti, uso kwenye magoti. Mwalimu wa Kitale alitembea hadi pale, akachuchumaa mbele yake, akatoa kalamu na kitabu cha kuandikishia wanafunzi.

"Ile ya kwanza, nani alikufundisha kuanguka hivyo?"

"Mawe," Wal akasema.

Mwalimu akacheka kidogo. Akauliza jina lote, akaandika. Akauliza darasa, akaandika. Kisha akauliza, "Tarehe ya kuzaliwa?"

Wal akainua uso. Nyuma ya mwalimu alikuwa amesimama Ekuru, kombe kwapani, mtungi wa maji mkononi. Wal alimwona. Mwalimu hakumwona.

"Andika ya leo," Wal akasema, na hapo hapo maji yakawashukia wote wawili, yeye na mwalimu, na kile kitabu pia. Pembeni yule mama wa Kiturkana akaanza tena kufoka.