Shahidi wa Baba

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji, askari walimkamata baba yangu shambani kwetu Mtunda, akipalilia mpunga. Akida wa Wajerumani alimshitaki kwamba ndiye aliyegawa maji ya dawa siku vijana walipong'oa pamba ya serikali. Wakamfunga kamba, wakampeleka bomani Mohoro. Tukaambiwa atanyongwa.

Siku hiyo pamba ilipong'olewa, baba alikuwa akimzika mama. Kijiji kizima kilijua.

"Twende tukaseme," nilimwambia shangazi, dada yake baba.

"Waliokwenda kusema, wamerudi?"

"Walikwenda mmoja mmoja, shangazi."

Basi tukaenda wengi, wanawake wa Mtunda na watoto mgongoni, tukaketi mbele ya boma. Askari wakatufukuza kwa viboko. Tukasogea, tukaketi tena. Mwishowe mkuu wa boma, Mjerumani mwenyewe, akatoka.

"Mnataka nini?"

Nikasimama. "Bwana mkubwa, kwetu hata mwizi wa kuku huulizwa kabla ya kupigwa. Baba hajaulizwa, na mashahidi tunao."

"Nyinyi ni ndugu zake. Mtasema lolote."

Hapo nikamwona mlangoni askari mmoja kati ya wale waliomfunga baba. Nilimfahamu. Siku ya msiba alikuwa akipita kijijini, akaweka bunduki chini, akaingia safuni.

"Basi muulize huyu. Kaka, asubuhi ile pamba ilipong'olewa ulimsalia mama yangu, hukumsalia?"

Akida, aliyesimama nyuma ya Mjerumani, alimkazia macho. Askari akainama, kisha akainua uso.

"Nilimsalia. Baba yake ndiye aliyeingia kaburini kumpokea marehemu. Hakuondoka pale mpaka alasiri. Wallahi."

Mjerumani akamgeukia akida: nani alimwona mzee na hayo maji? Akida akasema alisikia tu kwa watu.

"Mfungueni."

Baba alipotolewa, shangazi alipiga kigelegele kamba ikiwa bado mikononi mwake. Baba alitutazama sote pale mchangani, akacheka huku machozi yakimtoka. Njia nzima tuliimba, na watu walipotoka majumbani kuuliza kuna nini, tukawajibu, "Ameulizwa! Baba kaulizwa!"

Akida alipokuja tena Mtunda kutaka mtu mwingine wa kumkamata, aliwakuta wanawake wamekwisha kukaa barazani.

"Karibu," shangazi akamwambia. "Shahidi wako yuko wapi?"

Akamgeuza punda wake, akaenda zake.