Picha yangu kwenye grupu la kwaya

Korona ilikuwa imeanza kulegea, barakoa tunazivaa kidevuni tu. Siku hiyo nilikwenda Mbarara kununua vitenge. Nikajipiga picha dukani, nikaituma kwenye grupu la simu la kwaya yetu ya kambini Nakivale, na chini yake nikaandika: nashona nguo, karibuni. Mtandao ukapeleka picha, maneno yakakwama. Simu nayo ikaishiwa moto, ikazimika.

Sikukumbuka kwamba miaka ile ya ugonjwa, picha ya mtu bila maneno kwenye grupu letu ilikuwa na maana moja tu: amefariki.

Kufika nyumbani, nakuta mabenchi uani, wanakwaya wanaimba nyimbo za msiba, dada yangu yuko chini kwenye mkeka analia. Aliponiona akapiga yowe.

"Nani alibaambia nilikufa?" nikafoka.

Walinionyesha simu. Rambirambi hazihesabiki! Fundi hodari, wameandika, hatutapata mwingine kama yeye.

Miezi mitatu nilikuwa natangaza kazi yangu humo humo, na hakuna hata mmoja aliyenijibu. Kumbe walikuwa wanasoma.