Yowe la Hannes

Reijo Kuivalainen alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mkali kuliko hakimu. Katika mashindano yetu ya magari ya kwenye kompyuta, aliyoyasimamia yeye, ukimgonga mwenzako konani alikuadhibu bila kukutazama usoni. Tulikuwa watu wazima, tukicheza kila Jumatano, na mzaha hatukuutaka.

Siku moja yeye mwenyewe akatuletea dinosauri aliyemtengeneza, wa kuendesha mchezoni badala ya gari. Mnyama wa kijani, vijikono vifupi, lakini uzito, breki na matairi ni vya gari halisi. Ukimgongesha, anapiga yowe. Yowe lilikuwa la Hannes, mdogo wake Reijo, lililorekodiwa alipotoka sauna, kile chumba cha mvuke, na kujitosa kwenye tundu la barafu ziwani. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Watu wa nchi nyingine wakachukua nakala, wakagawiana.

Mwezi Machi Hannes akavuka ziwa kwa pikipiki ya theluji. Barafu ya Machi si ya kuaminiwa, kila mtoto wa hapa anajua, lakini Hannes hakuwa mtu wa kuambiwa. Ikampasukia.

Baada ya maziko, mjane wake Tuire akaja kwa Reijo. Nilikuwepo, tunakunywa kahawa.

"Shemeji, ile sauti iondoe. Ndivyo alivyolia kule majini, najua."

"Nimeshaifuta, Tuire."

"Kwako. Na kwa watu?"

"Nimewaandikia. Nimewabembeleza."

"Basi nionyeshe."

Reijo akawasha kompyuta, akaingia mashindano ya wale wa nchi nyingine. Dinosauri alikuwepo, katikati ya magari, na wenye magari walikuwa wakimwinda wamgonge, wamsikie. Maji yakimwagika hayazoleki.

Reijo akapeleka gari lake nyuma ya yule mnyama, akaziba njia. Akagongwa kushoto, akagongwa kulia, akarudi palepale. Yeye, bwana sheria, akawasukuma watu nje ya barabara kama mhuni.

"We mzee, umelewa? Toka njiani!" mmoja akafoka kwenye spika.

"Mwacheni huyo mnyama!" Reijo akapiga kelele. "Mwacheni, nawaomba!"

Wakaangua kicheko. Kisha wasimamizi wakamfukuza kwa kuvunja sheria, na kioo kikawa cheusi.

Tuire alikuwa bado amesimama na koti lake mwilini.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa wanaendelea," Reijo akasema.